Injini ya Akiba ya Land Rover Nyumbani: Dalili za Matatizo, Vyanzo na Tiba Zake

Mtu anayemiliki Land Rover ya Series III siku hizi, iwe fupi ya inchi 88 kati ya ekseli au ndefu ya inchi 109, mapema au baadaye hujikuta na injini ya pili. Huipata kwenye gari ambalo bodi yake imekwisha, au kwa jamaa anayehama mji na hataki kubeba vyuma, na kwa kuwa bei yake huwa ya kuchekesha, huichukua kwanza halafu ndipo hujiuliza ataiweka wapi. Injini ninayoikusudia hapa ni ile ya petroli ya lita 2.25, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ambayo iliingia kwenye Land Rover mwaka 1958 na kuendelea kutumika hadi miaka ya 1980. Bloku yake ni chuma cha kusubu, na hedi yake vilevile, kwa hiyo ikiwa bado ina flaiwili (gurudumu zito la nyuma), manifoldi na alteneta, uhesabu kilo 200 kabla hujaita mtu wa kukusaidia kuinyanyua.

Mwenye injini ya akiba haoni chanzo cha tatizo. Anachokiona ni stendi iliyoinama, dimbwi la oili sakafuni, au hendeli ya kuzungushia injini isiyosogea hata akiikalia. Ndiyo maana nimeanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mimi naishi Tanga, si mbali na bahari, na upepo wa hapa hula chuma mchana na usiku. Anayeishi Arusha au Nairobi hatasumbuliwa na kutu kama mimi, lakini uzito ni uleule kokote aliko.

Stendi inainama mbele, au inayumba ukiigusa

Stendi ya injini huishika injini kwa mgongo wake, upande wa flaiwili, na kuiacha ining'inie hewani kama mtu aliyenyoosha mkono akiwa ameshika ndoo. Kadiri mkono unavyonyooshwa mbali zaidi, ndivyo ndoo inavyozidi kuwa nzito, ijapokuwa maji ni yaleyale. Tuseme kitovu cha uzito wa injini yenye kilo 200 kiko sentimita 40 mbele ya bamba la stendi, na boliti za juu ziko sentimita 20 juu ya zile za chini. Boliti za juu zitavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400, yaani mara mbili ya injini yenyewe. Ukirefusha mikono ya stendi ili uvuke hauzingi (ganda) ya flaiwili, unaongeza nguvu hiyo bila kuongeza hata gramu moja ya chuma.

Kwa hiyo stendi ikiinama mbele, jambo la kwanza la kukagua ni umbali huo. Ondoa klachi, flaiwili na hauzingi yake ya aluminiamu, kisha funga mikono ya stendi moja kwa moja kwenye uso wa nyuma wa bloku. Utakuwa umepunguza uzito, umeisogeza injini karibu na nguzo, na umeepuka kuitundika kwenye aluminiamu ambayo haikuumbwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Flaiwili yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana. Ishushe watu wawili, au uweke mbao chini yake kabla ya kutoa boliti ya mwisho.

Jambo la pili ni uwezo wa stendi. Stendi nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa uwezo wake kwenye kibandiko, na mimi hukichukulia kibandiko hicho kwa nusu yake. Injini ya kilo 200 naiweka kwenye stendi iliyoandikwa kilo 450, si kwenye ile ya 250, kwa sababu mtengenezaji hakujua kwamba sakafu yangu haijanyooka wala kwamba watoto wa jirani wanapenda kuining'inia.

Jambo la tatu ni magurudumu, na hapo nina kovu la kuonyesha. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa na miguu mitatu, yaani gurudumu moja tu mbele. Siku nilipoisogeza ili nifagie, gurudumu hilo la mbele lilizama kwenye ufa wa sakafu usiozidi upana wa vidole viwili, stendi ikasimama papo hapo, injini ikaendelea na safari. Ilianguka kwa ubavu, ikavunja kishikio cha alteneta na sikio la pampu ya maji, na mguu wangu ulisalimika kwa sababu nilikuwa nikiisukuma kutoka nyuma, wala sikuwa nikiivuta kutoka mbele. Tangu siku hiyo natumia stendi ya miguu minne yenye mbele pana, naisukuma badala ya kuivuta, na kwenye ufa natandika kipande cha bati nene kwanza. Kama unayo ya miguu mitatu na huna budi kuitumia, usiihamishe ikiwa na injini. Ifunge mahali pake kwa kabari za mbao pande zote za kila gurudumu.

Hata stendi nzuri, kwa maoni yangu, ni chombo cha kufanyia kazi na si kitanda cha kulalia. Injini inayosubiri zaidi ya miezi michache ishushwe kwenye kitako cha mbao nitakachokieleza baadaye, au, ikibidi ibaki kwenye stendi, iwekewe tegemeo la mbao chini ya sehemu ya mbele ya bloku, lenye urefu kamili, ili boliti za nyuma zipumzike.

Boliti haikazi, au imekaza halafu inalegea

Ukigeuza boliti na ukahisi inakaza kisha ghafla inakuwa laini, acha hapo hapo. Hiyo si boliti iliyofika mwisho. Ni meno ya ndani ya tundu, yaani hesi, yanayokatika. Chanzo kikubwa kwa injini hizi ni kuchanganya vipimo. Hesi zake ni za inchi, ilhali boliti zinazokuja na stendi ni za milimita. Boliti ya milimita 8 na ile ya inchi 5/16 hazitofautiani kwa macho, kwa sababu 5/16 ni milimita 7.94, lakini nafasi kati ya jino na jino si sawa, na boliti ya kigeni itaingia mizunguko miwili au mitatu kabla ya kuanza kutafuna chuma. Kanuni yangu ni kwamba boliti iingie kwa vidole hadi mwisho wa tundu lililosafishwa. Ikikataa vidole, haistahili spana.

Chanzo kingine ni urefu. Boliti inapaswa kuzama ndani ya chuma cha kusubu kwa angalau mara moja na nusu ya unene wake. Boliti ya inchi 3/8, ambayo ni karibu milimita 9.5, izame milimita 14 au zaidi. Pima kwa kuchomeka kijiti tunduni, uweke alama, kisha ujumlishe unene wa mkono wa stendi na washa. Boliti ndefu mno nayo ina ubaya wake, kwa sababu itagota mwisho wa tundu na kukupa hisia ya kukaza ilhali mkono wa stendi bado unacheza.

Tazama pia kichwa cha boliti. Kwa stendi yenyewe, boliti ya milimita yenye namba 8.8 au 10.9 inafaa; kwa hesi za bloku, boliti ya inchi yenye mistari mitatu au sita iliyochongwa kichwani inafaa. Boliti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia banda la kuku. Inayolegea kila baada ya wiki, licha ya kuwa ya daraja zuri, aghalabu imebana rangi au uchafu: kwangua uso wa bloku hadi chuma kionekane, weka washa nene, kaza tena, kisha uchore mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye mkono wa stendi. Mstari ukivunjika, utajua bila kushika spana.

Injini inajipindua yenyewe unapochomoa pini ya stendi

Dalili hii huwatisha watu kwa haki, kwa sababu mkono ulio kati ya kabureta na nguzo ya stendi wakati huo hautasahau. Chanzo ni kimoja: kitovu cha uzito hakiko kwenye mstari wa bomba la stendi linalozunguka. Kikiwa juu ya mstari, injini hutafuta kupinduka. Kikiwa chini yake, itabaki wima lakini itakuwa ngumu kuigeuza. Legeza mikono ya stendi ungali umeishikilia injini kwa winchi, ishushe sentimita moja au mbili, kaza, jaribu tena. Manifoldi na alteneta zikiwa zimefungwa upande mmoja, itaelemea upande huo, kwa hiyo ama uziondoe ama uhamishe bamba kidogo pembeni. Ukipata mahali ambapo injini inageuka kwa mkono mmoja na kutulia popote unapoiachia, piga alama kwenye mikono ya stendi kwa tindo, maana hutapenda kuitafuta nafasi hiyo mara ya pili.

Kenchi inalia unapoinyanyua

Mafundi wetu wengi hunyanyua injini kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, na sina dharau kwa mwembe uliokomaa. Ninachokiogopa ni kenchi ya nyumba. Paa limejengwa kubeba mabati na upepo, si kilo 200 zinazoning'inia kwenye nukta moja, na boriti inayotoa mlio inakueleza kwamba nyuzi zake zimeanza kuachana. Shusha mzigo mara moja, polepole, bila kusimama chini yake. Mbadala ulio salama ni miguu mitatu ya mabomba mazito ya chuma iliyofungwa juu kwa pini, huku miguu ikiunganishwa chini kwa mnyororo ili isitanuke, au winchi ya magurudumu ya kukodi kutoka gereji.

Mnyororo wa kufungia injini nao una hesabu yake. Ukifunga ncha mbili za mnyororo kwenye hedi, mbele na nyuma, kila upande hubeba zaidi ya nusu ya uzito, kutegemea mlalo wake. Pembe kati ya mnyororo na usawa wa injini ikiwa nyuzi 60, kila upande hubeba takriban asilimia 58 ya uzito. Ikiwa 45, asilimia 71. Na ikishuka hadi 30, kila upande hubeba uzito wote mzima, kana kwamba umeninginiza injini mbili. Mnyororo mfupi unaokaribia kulala ndio unaokatika. Usizungushe kamba kwenye manifoldi wala kwenye mfuniko wa valvu. Funga kwa boliti madhubuti zenye washa pana kwenye matundu ya hedi yanayobeba.

Oili imetuama sakafuni

Kwanza tazama inatoka wapi kabla ya kulaumu sili. Injini iliyoinuliwa mbele hurudisha oili kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ambayo kwenye injini kuukuu haikukusudiwa kuogelea. Ikiwa hivyo, isawazishe na utandike kadibodi safi chini yake. Alama ya siku ya pili itakuonyesha kama tatizo limeisha. Oili ikitoka pande zote za sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, gasketi imekauka na kusinyaa, jambo la kawaida kwa injini iliyokaa miaka, na halina haraka hadi siku ya kuifunga garini.

Dalili iliyo mbaya kuliko hizo ni sampu iliyobonyea. Hapa kwetu injini hulazwa juu ya tairi kuukuu, na tairi ni jambo jema kwa nusu saa. Kwa miezi, uzito wote hukaa juu ya bati la sampu, nalo hubonyea kwenda ndani hadi kukaribia chujio la pampu ya oili. Injini itakapowashwa, pampu itanyonya kupitia upenyo mwembamba, na mwenye gari atahangaika na taa ya oili bila kujua kwamba kosa lilifanyika kwenye tairi. Ukiona sampu imebonyea hata kwa kina cha kidole kimoja, ifungue, uinyooshe kwa nyundo ya mpira juu ya mbao, na usafishe chujio wakati uko humo.

Kitako cha mbao nilichoahidi kukieleza hujibu tatizo hili. Chukua mbao nene za mninga au mbao yoyote ngumu iliyokauka kabisa, utengeneze fremu yenye nguzo mbili zinazopokea vishikio vya injini vya kushoto na kulia, na kipande kimoja kinachopokea uso wa nyuma wa bloku. Sampu ibaki inaning'inia hewani, ikiwa na nafasi ya kupitisha ngumi chini yake. Mbao mbichi usiiguse, kwa sababu itatoa maji kwa miezi na kuyapeleka mahali ambapo huyataki.

Matone ndani ya nailoni, na vumbi la rangi ya machungwa juu ya chuma

Watu hufunga injini kwa nailoni gubigubi wakidhani wameikinga na maji, kumbe wameyafungia ndani. Bloku ya chuma hupoa usiku na kuchelewa kupata joto asubuhi. Hewa ya Masika, iliyobeba mvuke, inapogusa chuma kilicho baridi kuliko yenyewe, huacha maji juu yake kama inavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndani ya silinda hutokea vivyo hivyo, kwa sababu kokote krenkishafti itakaposimama kutakuwa na valvu iliyo wazi, na hewa huingia na kutoka humo kila siku.

Dalili ikiwa nje tu, ondoa nailoni, futa, paka grisi nyembamba au oili nzito kwenye nyuso zilizochongwa, kisha funika kwa turubai la pamba au shuka kuukuu linalopumua. Inyanyue kutoka sakafuni, maana zege huvuta unyevu kutoka ardhini hata kama linaonekana kavu.

Ndani kunahitaji kazi zaidi. Mwaga oili ya zamani yote, kwa sababu oili iliyokwisha kutumika ina asidi, na ujaze oili mpya. Injini hii inapokea lita 6 na ushei. Toa maji ya kupozea kwa koki iliyo ubavuni mwa bloku, na ikiwa hayatoki, usiamini kwamba hakuna maji: mara nyingi tope la kutu limeziba, na waya mwembamba utalifungulia njia. Kwa watu wa pwani waliokuwa wakijaza maji ya kisima yenye chumvi, suuza kwa maji ya mvua kabla ya kuikausha. Aliyeko Makete, ambako sakitu huanguka mwezi Juni na Julai, ana sababu ya ziada ya kutoacha maji ndani ya bloku.

Kisha toa plagi, mimina vijiko viwili vya chakula vya oili safi katika kila silinda, na uzungushe krenkishafti mizunguko mitano kwa hendeli. Baada ya hapo legeza skrubu za tapeti, zile zinazopima nafasi ya valvu, kiasi cha kuziachia valvu zote zifunge. Usifungue shafti ya roka nzima, kwani baadhi ya boliti zake ndizo pia zinazobana hedi. Fito za kusukuma roka zisiporomoke. Ukiamua kuzitoa, zichomeke kwenye ubao wenye matundu manane yenye namba, kila moja irudi kwake. Matundu ya plagi yazibwe kwa plagi kuukuu, na milango ya manifoldi kwa vibao vilivyokatwa na kubanwa juu ya gasketi, huku kila kimoja kikiwa na kifuko cha silika ndani. Silika ya rangi ya buluu hugeuka waridi inaposhiba maji, na hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi hadi irudi buluu. Nimeshauriwa mara nyingi nitumie chokaa hai kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Inakausha kweli, lakini ikilowana huchemka na kuunguza, na unga wake ukiingia kwenye silinda utakuwa umeweka msasa. Usiitumie.

Krenkishafti haizunguki

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu wachukue bomba la mita mbili, nalo ndilo linalogeuza injini ya kuokoa kuwa chuma chakavu. Kabla ya nguvu yoyote, toa plagi zote nne. Silinda yenye oili nyingi au maji haiwezi kubanwa, na pistoni ikiyakuta maji hayo huku hendeli inasukumwa na watu wawili, kitakachokunjika ni mkono wa pistoni. Plagi zikitoka na kioevu kikaruka, umeshapata jibu lako, na huenda injini haijakwama kabisa.

Pili, ondoa mkanda wa feni. Alteneta au pampu ya maji iliyoshikana kwa kutu huweza kuishikilia krenkishafti kwa ukaidi unaoshangaza, na nimewahi kutumia wikendi nzima kuhangaika na pistoni zisizo na hatia. Kama klachi bado ipo, jua kwamba haizuii injini iliyotengwa na giaboksi, lakini stata iliyobaki imeng'ata flaiwili inazuia, ifungue.

Tatu, sikiliza jinsi inavyokataa. Ikiwa haisogei hata kidogo upande wowote, ringi zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Ikiwa inasogea kidogo halafu inarudi kama springi, kuna ukanda mwembamba wa kutu au kaboni, na hali ni nyepesi. Ikiwa inazunguka vizuri kisha inagota kwa mlio wa chuma, kila mara mahali palepale, basi kuna kitu ndani: nati iliyodondokea kwenye tundu la plagi, valvu iliyokwama chini, au fito iliyochomoka. Dalili hiyo ya mwisho haina dawa ya kumimina, hedi itoke. Chungulia kwa tochi kwenye kila tundu la plagi kabla ya kuamua. Kuta zinazong'aa kwa oili ni habari njema, na kuta zenye madoa ya kahawia zinakuonyesha silinda ya kuanzia.

Kwa kutu, mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi ya otomatiki na nusu asetoni hupenya kuliko dizeli, ingawa dizeli nayo hufanya kazi kwa anayesubiri. Asetoni hushika moto kwa cheche ndogo, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje au milango ikiwa wazi, mbali na jiko, mtungi wa gesi na sigara. Mimina hadi pistoni ifunikwe, acha siku tatu, ongeza pale kimiminika kilipozama, acha tena. Silinda ambayo kimiminika hakishuki kabisa ndiyo iliyoshikana zaidi. Wiki ikiisha, jaza njia za maji za bloku kwa maji ya moto. Chuma kitatanuka kidogo, na utanukaji huo wenyewe huvunja mshikamano.

Sasa chukua hendeli, na hapa Land Rover ina neema ambayo magari mengi hayana, kwa sababu mdomo wa hendeli uko mbele ya krenkishafti ukikusubiri. Bonyeza kwa uzito wa mkono tu, kisha achia, kisha jaribu kurudisha nyuma kwa spana kwenye nati yenye mdomo huo wa hendeli, kwa uangalifu isije ikafunguka. Ikisogea upana wa ukucha, usishangilie kwa kuilazimisha kuzunguka mzunguko mzima: rudisha, ongeza mafuta, sogeza tena. Kutu iliyobanduka ni kama mchanga, nawe unataka ielee kwenye mafuta badala ya kusagwa. Nimeona injini iliyokaa miaka chini ya mwarobaini ikifunguka siku ya kumi na moja, jioni, kwa sauti ndogo kama ya mfuniko wa chupa.

Asiyefanikiwa baada ya wiki tatu afungue hedi. Pistoni igongwe kwa kipande cha mbao ngumu kinachotosha karibu duara lote, kamwe si kwa chuma, na wala usiigonge ile iliyo juu kabisa ya mwendo wake, kwa kuwa pigo lako litaishia kwenye beringi. Ikishatoka, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Doa linaloonekana lakini ukucha haulikamati linaweza kusafishwa. Linalokamata ukucha linahitaji kuchongwa na fundi wa mashine, pamoja na pistoni za kipimo kikubwa zaidi. Kabla hujanunua krenkishafti au beringi kwa ajili ya injini hiyo, hesabu beringi kuu: za kabla ya 1980 zina tatu, za baadaye zina tano, na krenkishafti ya moja haiingii kwenye bloku ya nyingine.

Udongo au nyuzinyuzi kwenye milango ya manifoldi

Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda tundu la kidole, na kabureta ya Zenith ina matundu ya kutosha kuwapangisha ukoo mzima. Panya hupenda matambara ambayo watu huyasokomeza badala ya vibao. Usipulize kwa mashine ya upepo, maana utaupeleka udongo ndani. Ulowanishe kwa oili, uuchokonoe kwa waya ulionyooka huku valvu zikiwa zimefungwa, kisha unyonye vipande. Kabureta iondolewe, imwagwe petroli yote, ikaushwe, na ihifadhiwe chumbani ndani ya kopo.

Siku ya kuiwasha, taa ya oili haizimiki

Injini imeingia garini, imejazwa oili, tapeti zimepimwa upya, na bado taa inawaka. Kabla ya kuishuku pampu, kumbuka kwamba oili imeshuka kutoka kwenye njia zake zote kwa muda wote iliokaa, na pampu kavu hushindwa kuivuta. Ndiyo maana niliiandikia yangu kwa rangi nyeupe ubavuni: PLAGI ZITOKE KWANZA. Bila plagi, stata huizungusha injini kwa wepesi, ile oili ya vijiko viwili hurushwa nje badala ya kubanwa, na beringi hazibebi mlipuko wowote. Zungusha kwa sekunde kumi, pumzisha stata dakika moja, rudia. Ikifika mara ya sita na taa ingali inawaka, fungua chujio la oili, ulijaze oili safi, na ujaribu tena. Ikikataa hata hapo, teremsha sampu ukatazame kama imebonyea kwenye chujio la pampu.